Jaribu Mwenyewe: Somo la Maji, Soro na Kipindupindu kwa Watoto na Wazazi

Ndugu msomaji, somo la toleo hili halihitaji daftari. Linahitaji chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, kipande cha kitambaa chepesi, msumari, vijiti viwili, na mtoto mmoja au wawili wenye maswali mengi. Mzazi akiwepo ni bora zaidi. Bibi na babu wakiwepo ni bora kuliko wote, kwa sababu wao ndio wanaosikilizwa usiku mtoto anapoanza kuharisha, wakati sisi wahudumu wa kujitolea hatupo.

Utajiuliza kwa nini jarida la afya linakuletea mchezo wa chupa. Sababu ni hii. Wahudumu wa afya hupita hema kwa hema na kipaza sauti wakisema: nawa mikono, tia klorini kwenye maji, peleka mgonjwa kituoni. Watu husikiliza na kuitikia vizuri, kisha wengine hufanya na wengine hawafanyi. Mtu hakatai kwa sababu ni mjinga. Anakataa kwa sababu ameambiwa tu, na maishani ameambiwa mambo mengi na watu ambao baadaye aliona kuwa walimdanganya. Lakini jambo alilolifanya kwa mikono yake mwenyewe analiamini hata kipaza sauti kikinyamaza.

Sisi tuliotoka Quiterajo na vijiji vya pwani ya Macomia tunalijua hilo tangu utotoni. Nani kati yetu alifundishwa bamvua na maji mafu ubaoni? Mtoto wa mvuvi alitazama mwezi, akatazama maji yalivyofika kwenye nguzo za mashua, akalinganisha leo na jana. Baada ya misimu michache alijua siku ya kwenda mwambani na siku ya kushona nyavu. Hiyo ni sayansi, hata kama hakuna aliyeiita hivyo. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 vilitufanya tuache mashua na nyavu, lakini namna hiyo ya kujifunza tumekuja nayo kambini, na ndiyo tunayoitumia hapa.

Uvumi unaua

Tarehe 7 Aprili 2024, mashua ya uvuvi iliondoka Lunga, katika jimbo la Nampula, kuelekea Kisiwa cha Msumbiji. Ilibeba watu wapatao 130, kupita kiasi chake. Ilizama, na watu zaidi ya 90 walikufa, wengi wao watoto. Wakuu wa jimbo walieleza kwamba watu wale walikuwa wakikimbia kwa hofu ya kipindupindu, baada ya habari zisizo za kweli kuenea kijijini kuhusu ugonjwa huo. Tafakari jambo hili, ndugu yangu. Kipindupindu ni ugonjwa ambao mgonjwa akitibiwa mapema, katika wagonjwa 100 hafi hata mmoja. Walikimbia ugonjwa unaotibika, wakafia baharini.

Huku kwetu Cabo Delgado, kimbunga Kenneth kilipiga tarehe 25 Aprili 2019, na mwanzoni mwa Mei kipindupindu kikatangazwa. Tangu hapo kimerudi zaidi ya mara moja, na kila kinaporudi, uvumi hurudi nacho. Tutaujibu uvumi huo baadaye katika somo hili. Kwanza tufanye jaribio, maana bila hilo maneno mengine yote ni kelele.

Mtoto wa chupa

Jaribio hili lilianza Mexico, katika kijiji cha milimani kiitwacho Ajoya, ambako wahudumu wa afya wa kijiji walifanya kazi pamoja na David Werner, yule aliyeandika kitabu ambacho kwa Kiswahili kinaitwa Mahali Pasipo na Daktari. Watoto wa kule walitumia kibuyu. Sisi tutatumia chupa ya plastiki, kwa sababu kibuyu kizuri hapa ni cha kununua na chupa zimetapakaa kila mahali.

Mtu mzima akate sehemu ya juu ya chupa, pale inapoanza kuwa nyembamba, ili ibaki kama kopo refu. Kisu kisishikwe na mtoto. Chora uso kwa mkaa upande mmoja. Kwenye macho, toboa vitundu viwili vidogo sana kwa sindano. Hayo ni machozi. Katikati ya chupa upande wa mbele, toboa tundu kwa msumari na ulizibe kwa kijiti. Hapo ni pa haja ndogo. Chini kabisa, upande wa nyuma, toboa tundu kubwa kidogo na ulizibe kwa kijiti cha pili. Watoto watajua wenyewe hilo ni la nini, na watacheka. Waache wacheke.

Sasa jaza maji mpaka juu kabisa. Lowesha kitambaa chepesi na ukilaze juu ya mdomo wa chupa kiguse maji. Kitambaa hicho ni utosi wa mtoto mchanga, pale laini kichwani panapodunda. Kabla ya kuendelea, kila mmoja aseme anachofikiri kitatokea. Usiruke hatua hii. Mtoto aliyekwisha kusema "naona machozi yatakatika kwanza" atatazama kwa makini kuliko yule aliyekaa tu.

Chomoa kijiti cha mbele kidogo: mkojo unatoka kwa nguvu. Kirudishe, ongeza maji. Mtoto huyu ni mzima. Sasa chomoa kijiti cha nyuma, mtoto aharishe. Tazama kitambaa. Kinabonyea kuelekea ndani. Punde machozi yanakatika. Chomoa tena kile cha mbele: mkojo unatoka kidogo, unadondoka, kisha hautoki kabisa.

Hizo ndizo dalili ambazo muuguzi anazitafuta kwa mtoto wako: utosi umebonyea, analia bila machozi, hakojoi, au mkojo ni kidogo na wa rangi nzito. Kwa mtoto halisi ongeza na hizi: mdomo mkavu, macho yaliyoingia ndani, na ngozi ya tumbo ambayo ukiivuta kwa vidole viwili inarudi polepole. Wapo wazee wetu wanaosema utosi ukibonyea ni jicho baya la mtu. Sina haja ya kubishana nao. Huwa namwomba mzee mwenyewe achomoe kijiti, kisha nanyamaza.

Lakini sehemu muhimu zaidi bado. Akina mama wengi wamenieleza hivi: "Mwanangu akiharisha namnyima maji, kwa sababu nikimpa anaharisha zaidi, na nikimnyima anaacha." Maneno yao ni ya kweli! Wameona kwa macho yao. Basi ijaribuni na hiyo. Jaza chupa, chomoa kijiti cha nyuma, na usiongeze tone. Subiri. Kuharisha kutakoma, kama mama alivyosema. Kisha mwulize mtoto aliye karibu nawe: kwa nini kumekoma?

Chupa ni tupu. Ndiyo sababu kumekoma.

Rudieni tena, safari hii mmoja amimine maji kwa kikombe kidogo kidogo juu, kiasi kile kile kinachotoka chini. Kijiti kiko nje, mtoto bado anaharisha, lakini kitambaa hakibonyei na machozi yapo. Mtoto wa chupa anaharisha na hafi. Nimeona watoto wa miaka minane wakishindana nani atamweka mtoto wa chupa hai kwa muda mrefu zaidi, na nimewasikia wakibishana kuhusu kasi ya kumimina kwa hoja ambazo mwalimu wa sekondari angefurahia kuzisikia.

Soro: kipimo ni kila kitu

Chupa haina utumbo, na hapo mfano wetu unaishia. Kwa mtoto halisi maji matupu hayatoshi, kwa sababu anapoharisha anapoteza na chumvi pia, na utumbo uliougua haunyonyi maji vizuri. Wanasayansi waligundua kwamba sukari na chumvi zikifika pamoja kwenye utumbo, zinaingia mwilini pamoja, na maji yanazifuata. Ndiyo maana pakiti ya dawa ya kuongeza maji mwilini, ambayo hapa kila mtu anaiita soro, ina chumvi na sukari kwa kipimo maalumu.

Jambo ambalo wakimbizi wenzangu wanapaswa kulijua: dawa hii ilionyesha uwezo wake mkubwa kambini. Mwaka 1971, watu waliokimbia vita vya Bangladesh walijaa katika mji wa Bangaon, India, na kipindupindu kikawaingia. Daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutundika mshipani. Yeye na wenzake wakachanganya chumvi na sukari kwenye maji, wakayaweka kwenye mapipa, na wakawaacha ndugu wa wagonjwa wachote kwa vikombe na kuwanywesha wagonjwa wao. Kabla ya hapo, karibu wagonjwa 30 katika kila 100 walikuwa wakifa. Waliotumia maji yale, hawakufika 4 katika 100. Walionywesha walikuwa mama, baba, kaka na dada, watu kama wewe, wasio na koti jeupe.

Sasa kazi ya watoto wakubwa. Pakiti moja inataka lita moja ya maji safi. Je, lita moja ni vikombe vingapi nyumbani kwako? Usikisie. Tafuta chupa ya maji ya dukani iliyoandikwa 500 ml, ijaze mara mbili, uimimine kwenye sufuria au kopo kubwa, na uweke alama kwa msumari pale maji yalipofika. Hiyo ni lita yako, haitabadilika. Kisha pimeni kwa vikombe vyenu. Katika kikundi chetu kikombe cha bati cha nyumba moja kiliingia mara tatu, na cha jirani mara nne na nusu, na wote wawili walikuwa wakisema "vikombe vinne ni lita". Pakiti ikitiwa kwenye maji machache, soro inakuwa kali na inaweza kumdhuru mtoto. Ikitiwa kwenye maji mengi, haina nguvu.

Pakiti zikiisha na kituo kiko mbali, tengeneza hivi ukiwa njiani kutafuta msaada: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari, na nusu kijiko cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazishwa kwa kisu, visiwe vya kilima. Onja kabla ya kumpa mtoto. Isiwe na chumvi kuliko machozi. Kila mtoto anajua ladha ya machozi, kwa hiyo kazi ya kuonja wape wao.

Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo mpaka nusu ya kikombe cha kawaida kila anapoharisha. Wa miaka 2 hadi 10 apewe nusu mpaka kikombe kizima. Mkubwa anywe kadiri anavyoweza. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kwa kijiko, taratibu. Ziwa la mama lisikatizwe. Soro iliyokorogwa ikipita saa 24 mwage. Na kituoni ulizia vidonge vya zinki kwa ajili ya mtoto. Hutolewa kwa siku 10 hadi 14, navyo hupunguza muda wa kuharisha.

Anayeharisha maji yanayofanana na maji ya kuoshea mchele asisubiri asubuhi. Kipindupindu kikali kinaweza kuua mtu mzima mwenye nguvu zake ndani ya saa chache. Mpelekeni, na mnywesheni njiani.

Maji meupe si lazima yawe salama

Mimina maji meupe kwenye glasi mbili. Katika moja koroga chumvi mpaka ipotee. Mwite mtu ambaye hakuona, mwulize ipi ina chumvi. Hawezi kujua kwa macho. Akionja anajua mara moja. Jaribio lenyewe linachukua dakika mbili na sijaona linaloshinda hili kwa kumweleza mzee kwamba maji yanaweza kubeba kitu kisichoonekana. Vijidudu vya kipindupindu ni hivyo hivyo, ila hata ulimi hauwezi kuvitambua.

Kinyume chake pia ni muhimu. Maji ya tope hula klorini: dawa hupotea ikipambana na uchafu kabla haijafika kwa vijidudu. Kwa hiyo maji ya tope yaache yatulie, kisha yachuje. Hapa kuna habari nzuri kwa akina mama. Mwaka 2003 mtaalamu Rita Colwell na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa vijiji vya Bangladesh, ambako wanawake walichuja maji kwa kitambaa kikuukuu cha sari kilichokunjwa angalau mara nne. Kipindupindu kilipungua kwa karibu nusu. Sababu ni kwamba vijidudu hivyo hupenda kung'ang'ania vidudu vidogo vya majini, hasa pale mto unapokutana na bahari. Waliozaliwa karibu na mlango wa mto Messalo wanayafahamu maji ya namna hiyo. Kanga kuukuu ya pamba inafaa vilevile, kwa sababu nyuzi zake zimelegea na kubana matundu. Mpya haifai sana. Chuja, kisha kifue kitambaa na kukianika juani. Kumbuka kwamba nusu ya wagonjwa bado waliugua. Kuchuja hakuchukui nafasi ya klorini.

Kama huna klorini wala kuni za kuchemshia, jua lipo. Chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, iliyojazwa maji na kulazwa juani kwa saa 6, jua huua vijidudu vingi ndani yake. Siku ya mawingu mazito, iache siku mbili. Maji lazima yawe meupe kiasi cha kutosha, na kipimo chake unacho mkononi. Simamisha chupa iliyojaa juu ya jina la jarida hili, pale penye herufi kubwa za ukurasa wa mbele, na utazame kutoka juu kupitia mdomo wa chupa. Ukisoma herufi, yafaa. Usiposoma, chuja kwanza. (Wasiojua kusoma watumie mchoro, shida ni kuona tu.)

Je, klorini ndiyo inayoleta kipindupindu?

Hili ndilo swali linalosemwa kwa sauti ya chini, nami nitaliandika kwa sauti ya juu. Katika majimbo ya kaskazini ya Msumbiji, wahudumu wamepigwa na hata kuuawa kwa kudhaniwa wanatia ugonjwa visimani. Kwa Kireno klorini ni cloro na kipindupindu ni cólera. Maneno mawili yanafanana masikioni, na mtu anayesikia Kireno kwa mbali anaweza kudhani ni kitu kimoja. Marehemu Carlos Serra, mwanasosholojia wa Maputo, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 2003. Alionyesha kwamba nyuma ya uvumi huo kuna watu waliokosa imani na wakubwa wao, watu wanaojiuliza kwa nini serikali isiyowaletea kitu mwaka mzima inakuja ghafla na dawa ya bure. Naona swali lao lina haki yake. Jibu lao ndilo lenye kasoro.

Tulipime jibu hilo kama tulivyopima chupa. Kama klorini ndiyo inayoleta kipindupindu, basi kabla ya klorini kipindupindu kisingekuwepo. Je, ni kweli? Daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar wakati wa masultani, alichapisha mwaka 1876 kitabu kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki. Alieleza jinsi ugonjwa ulivyosafiri na misafara ya bara na majahazi ya pwani, na jinsi ulivyoua watu wengi Zanzibar mwaka 1869 na 1870. Sasa, mji wa kwanza wa Marekani kutia klorini katika maji yake ya kunywa kila siku ulikuwa Jersey City, mwaka 1908. Majahazi yalileta kipindupindu kwenye pwani hii karibu miaka 40 kabla ya hapo. Wakati huo hapakuwa na mhudumu wa kujitolea wala kichupa cha Certeza.

Mwingine atasema: "Lakini mimi nimeona! Walikuja na dawa, na wiki ile ile watu wakaugua." Umeona sawa. Klorini hupelekwa mahali ambapo wagonjwa wa kwanza wamekwisha kuonekana, na vijidudu huweza kukaa tumboni saa chache hadi siku 5 kabla mtu hajaharisha. Aliyeugua Ijumaa huenda aliyanywa maji yale Jumatatu, kabla hatujafika na ndoo zetu. Mwamvuli nao huonekana siku ya mvua, lakini hakuna aliyewahi kusema umeleta mvua.

Kuna jaribio la kufanya pamoja nasi. Pale kwenye bomba, mwombe mhudumu wa maji akuonyeshe kipimo cha klorini. Jaza vichupa viwili vya kupimia, kimoja maji ya bomba, kingine maji ya mvua au ya kisima yasiyotiwa dawa. Tia kidonge cha kupimia katika vyote. Yenye klorini yanageuka waridi, yasiyo nayo hayageuki. Kadiri waridi inavyokolea ndivyo dawa ilivyo nyingi. Watoto wapewe nafasi ya kulinganisha rangi na kusoma namba. Bombani tunataka isipungue 0.2 na kwa kawaida isizidi 0.5. Maji yenye kidonge hayanywewi, yamwagwe. Kisha mwulize mhudumu anywe maji ya bomba lile lile mbele yako. Una haki ya kumwomba, naye asikatae wala kununa.

Dawa ya nyumbani fuata maelezo ya kichupa chake, koroga, funika, na usubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Hii ni kazi ya mtu mzima. Klorini ambayo haijachanganywa huchoma macho na tumbo la mtoto, kwa hiyo kichupa kikae juu, mbali na mikono midogo.

Mkono wa mkaa

Hili ni la kuchekesha, lifanyeni jioni. Ponda mkaa uwe unga, changanya na mafuta ya nazi kidogo, mmoja ajipake kiganjani. Asalimiane na wa pili, wa pili na wa tatu, mpaka mwisho wa mstari. Hesabuni mkaa umefika kwa mtu wa ngapi. Kisha nusu yenu wanawe kwa maji matupu na nusu kwa maji na sabuni, wote kwa muda wa kuhesabu mpaka 20. Linganisheni viganja, na msisahau chini ya kucha. Wasio na sabuni siku hiyo wajaribu majivu, na waone wenyewe yako wapi kati ya hao wawili.

Swali la mtoto lisichekwe

Mpango wa kuwafanya watoto wafundishane afya kwa vitendo, ulioitwa Mtoto kwa Mtoto, ulianzishwa London mwaka 1978 na Profesa David Morley na wenzake, na ulienea nchi nyingi za Afrika na Asia. Wazo lake lilitokana na jambo tunaloliona kila siku: anayemlea mtoto mchanga mara nyingi ni dada yake wa miaka tisa. Ukimfundisha huyo, umeifikia nyumba.

Tatizo ni sisi watu wazima. Mtoto akiuliza, tunamwambia anyamaze. Mwaka 1963, kijana Erasto Mpemba wa shule ya sekondari Magamba, Tanzania, alikuwa akitengeneza barafu ya maziwa na wenzake. Aliona mchanganyiko aliouweka kwenye friji ungali moto umeganda kabla ya ule uliopozwa. Akamwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Akiwa Mkwawa akauliza tena, darasa likamcheka. Alipokuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, Mpemba akauliza mara ya tatu. Osborne hakucheka, alirudi chuoni akajaribu. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja, na hadi leo wanafizikia duniani wanabishana kuhusu jambo hilo wakiliita kwa jina la Mpemba.

Katika vikundi vyetu msichana mmoja ameuliza: je, mtoto wa chupa akinyweshwa maji ya chumvi ya bahari badala ya soro, itakuwaje? Chupa haiwezi kumjibu, kwa sababu haina utumbo. Mtoto wa kweli asijaribiwe kamwe; maji ya bahari yana chumvi nyingi mno na yangeutoa mwilini maji yaliyobaki. Lakini unaweza kuona kwa muhogo mbichi. Kata vipande viwili sawa, kimoja kiloweke kwenye maji matamu na kingine kwenye maji yaliyotiwa chumvi nyingi. Viache usiku kucha. Asubuhi vibonyezeni vyote viwili, kipi ni kigumu na kipi kimelegea, na mjaribu kueleza maji yamekwenda wapi.

Jaribio hilo ndilo kazi ya toleo lijalo. Andikeni mliyoyaona, hata kama ni tofauti na ya hema la jirani, hasa kama ni tofauti, pamoja na kiasi cha chumvi mlichotia na saa mlizoviacha. Asiyejua kuandika achore. Karatasi zote mpeni mhudumu wa mtaa wenu, au mziache kwenye sanduku la maoni mlangoni pa kituo cha afya.